Mstari wa Watu na Mstari wa Bidoni

Siku ya kuniaga, wenzangu wa biro walinipa kikwembe cha kitenge, kiti cha plastiki na hotuba ndefu. Kikwembe nimekwisha kukishonesha, kiti ndicho nilichokalia sasa, na hotuba nimeisahau yote isipokuwa pale mkuu wetu aliposema kwamba Mama Nsimire ataacha pengo. Nawaambia mapema, nyie mliobaki: pengo hakuna. Hivi karibuni bomba fulani litakosa kamati, soko fulani litamkataa mwenyekiti wake, na mmoja wenu atapewa filimbi aende. Ni huyo ninayemwandikia. Habari za vyeo sitazigusa, maana vyangu vingeenea nyuma ya bahasha na nafasi ikabaki.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Ndoa ilinileta Goma, kazi ikanizuia nisirudi, na siku hizi hata dada zangu wananiita mtu wa volkano. Biro yetu ya kartiye, yaani ofisi ya mtaa, ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, moja tu likifunguka. Hapo ndipo zilipoanzia chaguzi ambazo redio haizitangazi: kamati ya bomba la maji, kamati ya soko, kamati ya wazazi wa shule, mkuu wa nyumba kumi. Katika chaguzi hizo hakuna chama, hakuna bendera, hakuna fulana ya bure. Anayeshinda hapewi gari wala ofisi. Anapewa heshima ya kugongewa mlango alfajiri na majirani waliokasirika. Hata hivyo watu wanagombea kwa nguvu zao zote, na mimi sikuacha kuwashangaa mpaka siku ya mwisho.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Saidi wa Murara, mtu wa familia ya Kiislamu ambayo wazee wake walitoka Maniema na biashara zao. Kabla ya kuja kwetu alikuwa dereva wa lori, mpaka mgongo ulipomkatalia. Tabia za barabarani hakuziacha. Kabla ya kuanza mkutano alizunguka uwanja mzima akiupiga mateke madogo kama anayekagua matairi. Alikuwa mchelewaji, mnung'unikaji, na hakuna kikombe cha chai ya tangawizi alichokikubali kuwa kina tangawizi ya kutosha. Nilimpenda sana, ingawa alipokuwa hai sikumwambia.

Siku yangu ya kwanza tulikwenda kuchagua kamati ya soko dogo kule Murara. Muzee Saidi alinipa filimbi na gunia tupu. Nikadhani gunia ni la kura. Mgombea wa kwanza akatokea amevaa kofia ya chama chake, mpya, bado ina mkunjo wa dukani.

"Papa, kofia," Muzee Saidi akasema.

"Kofia yangu iko na shida gani?"

"Haina shida. Itapumzika kidogo humu ndani. Utaikuta."

Yule bwana aligoma, akasema ana haki zake, akataja na watu anaowajua. Muzee Saidi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama nyanya za chama chake na nyanya za vyama vingine zinaozea siku tofauti. Watu wakacheka, kofia ikatoka. Kufikia saa sita gunia lilikuwa na kofia za kila rangi, zimelaliana bila kugombana, jambo ambalo vichwa vyake havijaliweza mpaka leo. Gunia hilo lirithini. Lina matundu, lakini kofia hazipiti.

Jioni tukirudi kwa miguu nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza mtihani. Nikamwambia Muzee kwamba uchaguzi umekwenda vizuri. Akanijibu bila kunitazama: "Mama, kura zikiisha, huyu mutu aliyepiga anarudi kulala kwa nani?" Nikafikiri amechoka.

Vifaa sasa. Vijana hupenda kuniuliza kwa nini hatukutumia karatasi tangu mwanzo. Tulitumia, ila karatasi za kura za mtaani zina uzazi wa ajabu: unagawa chache, unahesabu nyingi. Halafu wengi wa wapiga kura wetu hawakusoma, na anayemsaidia asiyesoma humsaidia na kuchagua. Mawe hayafai kabisa hapa kwetu. Volkano imetumwagia mawe kiasi kwamba hakuna mtu wa Goma asiyeweza kuinama akaokota kura kumi. Tukajaribu maharagwe, kila mtu punje moja ndani ya chungu, na siku hiyo nyumba nyingi za mtaa ule zililala bila kupika. Tukajaribu vizibo vya soda, akashinda mwenye baa. Alishinda kwa kura zilizozidi watu waliokuwepo, na alipoulizwa akasema ni upendo.

Ndipo tukarudi kwenye mstari. Wagombea wanasimama mbele, kila mtu anajipanga nyuma ya amtakaye, unahesabu vichwa mbele ya macho ya wote. Mstari hauingii mfukoni, na hakuna awezaye kusimama mara mbili. Kwa wizi wa kura, mstari ni dawa. Lakini dawa nyingine zinaponya tumbo zikaumiza kichwa.

Niliona hayo sokoni palepale Murara. Mama mmoja muuza sambaza, mcheshi, sauti yake ikisikika kabla ya samaki wake kunukia, alijipanga nyuma ya mgombea aliyeshindwa. Hakuna aliyemgombeza. Siku chache baadaye nilipita, nikakuta pale alipokuwa akiweka meza yake amekaa mtu mwingine, na yeye amesukumwa nyuma ya choo, mahali ambapo hata inzi hawaji kununua. Nikakumbuka swali la Muzee Saidi, na safari hii halikuwa la mtu aliyechoka. Niliumia sana kwa ajili ya yule mama, na tangu hapo kila nilipopiga filimbi nilikuwa na hofu. Nyie mtaambiwa kwamba hofu inapungua kadiri ya uzoefu. Yangu ilizidi.

Muzee Saidi aliacha kazi magoti yalipoungana na mgongo kumkatalia. Alifia kitandani kwake kwa uzee, kitu ambacho huku kwetu mtu anamshukuru Mungu kwacho. Nikabaki na filimbi, chaki na gunia.

Baada yake nilitumwa Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, kuchaguza wawakilishi wa mablok, yaani mafungu ya mahema. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wamesimama kwenye matope na mahema yananuka moshi. Blok moja ilimtaka mzee aitwaye Papa Sebasi, mkulima, mtu wa maneno machache. Mstari wote ulikwenda nyuma yake kabla hata sijamaliza maelezo. Yeye akaondoka mbele, akaenda kusimama mwisho wa mstari wake mwenyewe.

"Papa, batu banakutaka," nikamwambia.

"Nimeona. Muda wake ni gani?"

Nikamwambia kwamba kamati inachaguliwa kwa miaka miwili. Uso wake ukabadilika, na wa watu wengine pia. "Mama," akasema taratibu, "ukinichagua miaka miwili, umeshasema hatutarudia shamba miaka miwili. Miye sitaki hiyo kura."

Mwongozo wetu haukuwa na ukurasa wa jambo hilo. Nikawauliza wenyewe: basi achaguliwe mpaka lini? Wakajibu karibu kwa sauti moja: "Mpaka kurudi." Nikaandika hivyo kwenye taarifa, mahali pa muda wa kamati: mpaka kurudi. Mkuu alinirudishia ile taarifa mara mbili nirekebishe, na mara zote mbili nikaipeleka vilevile. Nililia njiani siku ile, sioni haya kusema.

Sasa nifike Katoyi, maana najua ndiyo mnayoingoja. Ulikuwa uchaguzi wangu wa mwisho mgumu, na usipojua desturi za bomba letu hutaelewa kilichotokea.

Katika Goma maji huja yanapotaka. Unaweza kungoja tangu alfajiri yakafika saa tano, au yasifike. Hakuna anayeweza kusimama saa zote hizo, kwa hiyo unaweka bidoni yako, lile dumu la manjano, kwenye mstari wa bomba, kisha unaenda zako kanisani, sokoni, hata kulala. Bidoni inasimama badala yako. Wenzetu wa pwani wana msemo kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kwenye bomba la Goma, asiyekuwepo yupo, mradi bidoni yake ipo. Na hakuna anayeigusa bidoni ya mwenzake. Mtu anaweza kukuibia kuku, akakusengenya, akakufungia barabara kwa matanga ya siku tatu. Lakini atakayesogeza bidoni yako mstarini atagombana na avenyu nzima, majirani wote wa barabara ile, na hata mama yake mzazi hatamtetea.

Bomba la Katoyi, au robine kama wenyewe wanavyosema, lilikuwa kando ya barabara, mbele ya kibanda cha Mama Zuhura, mjane muuza unga. Kwa kuwa alikuwa karibu, ndiye aliyeshika ufunguo kwa muda, bila kuchaguliwa. Wale walioleta bomba wakataka kamati halisi yenye mwenyekiti, na mwenyekiti huyo ndiye angeamua bomba likae wapi. Wakagombea wawili: Mama Zuhura, aliyetaka libaki pale pale barabarani, na Papa Dieudonné.

Papa Dieudonné hakuwa mtu mbaya, na msimfanye mbaya mkisimulia. Palipotokea msiba, mbao za jeneza zilitoka kwake. Alikuwa na nyumba nyingi za kupangisha, karibu nusu ya avenyu walikuwa wapangaji wake. Yeye alitaka bomba lihamishwe ndani ya parseli yake, palipo na ukuta, geti na mlinzi. Usalama, alisema. Labda aliamini hivyo. Lakini bomba likiwa ndani ya ukuta, maji yana geti, na geti lina mwenyewe. Siku ambayo mpangaji angekosana naye, angeteka wapi? Angeshuka ziwani, kama zamani.

Siku ya kuandikisha wapiga kura nilikaa kwa mpangaji wake mmoja, Mama Riziki. Mtoto wake wa pili aliwahi kuugua kipindupindu kwa maji ya ziwa, akapona kwa shida, na bado ulimwona amebaki mdogo kuliko wenzake. Mama Riziki alikuwa akichambua mchicha. Nikamwuliza kama atakuja kupiga kura.

"Nitakuja."

"Unajua utakapojipanga?"

"Nyuma ya Papa Dieudonné," akasema. "Mama, musinitazame vile. Moyo yangu iko kwa Mama Zuhura. Lakini miye na batoto sina fasi ingine ya kulala."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, nao walikuwa wapangaji. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nikaomba kwenye mkutano wa matayarisho kwamba kura iwe ya siri, tuweke pazia na vyungu. Papa Dieudonné akasimama na kusema mtu asiye na kitu cha kuficha asimame hadharani. Nani angekuwa wa kwanza kumbishia? Ikapita: mstari, mbele ya wote.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili baada ya misa. Jioni ya siku iliyotangulia nilikuwa nimechora mistari miwili kwa chaki, mmoja kuanzia kwenye jiwe ambapo Papa Dieudonné angesimama, mwingine kuanzia kwenye kigoda cha Mama Zuhura. Ardhi ya kule ni lava nyeusi, chaki inaonekana vizuri. Nilipofika asubuhi nikakuta bidoni zimejaa uwanjani. Bomba lilikuwa limefungwa kwa ajili ya uchaguzi, na kila mtu alijua, lakini bidoni zilikuwepo, moja nyuma ya nyingine, tupu, zimepangwa kwa uangalifu nyuma ya kigoda cha Mama Zuhura. Nikadhani wanasubiri maji ya mchana. Sikushangaa wala sikuuliza.

Nikapiga filimbi. Watu wakaanza kujipanga. Walitembea kwa miguu mizito, macho chini, wakaenda nyuma ya Papa Dieudonné, wapangaji wote, familia baada ya familia. Wa kwanza nyuma yake alisimama mkewe, Mama Beata, akiwa bado na sare ya kikundi cha kanisani, kikwembe cha buluu chenye maua meupe. Mama Riziki alikuwa katikati, amembeba mtoto. Upande wa Mama Zuhura walikuja watu wachache wenye nyumba zao. Papa Dieudonné akatabasamu, si kwa kiburi, kwa raha tu. Mimi nikainua chaki nianze kuhesabu, na moyo wangu ulikuwa chini kabisa, kwa kuwa nilijua ninachohesabu si wanachotaka.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya mstari wa Papa Dieudonné mwenyewe. Sikumwona, na sikutaka kumtafuta.

"Mama, na bale ba kule, hauhesabu?"

"Bagani?" nikauliza.

"Bale ba bidoni."

Nikageuka. Mstari wa bomba la Katoyi siku zote hupinda kushoto kufuata ukuta. Kila mtu aliujua. Bidoni zile hazikupinda. Zilikuwa juu ya chaki yangu, zimenyooka, kila moja imeacha nafasi ya mtu mmoja. Watu wa Katoyi walikuwa wamesimamisha miili yao nyuma ya mwenye nyumba, na bidoni zao nyuma ya wanayemtaka.

Vicheko vikaanza, kwanza vya kuficha mdomo, kisha vya wazi. Papa Dieudonné akashtuka.

"Bidoni haiko mutu!" akasema.

Mama mmoja wa upande wa Mama Zuhura, mwenye nyumba yake na ulimi wake, akamjibu: "Papa, kila asubui bidoni yako inasimama pale kwa robine, nawe uko kwa kitanda. Inapata maji kama mutu. Ju ya nini leo haiko mutu?"

"Basi mwenye bidoni aseme! Mama Nsimire, uliza. Ya kwanza ile, ni ya nani?"

Niliwatazama, nikaona nyuso za watu walioning'inia kwenye neno langu. Nikiuliza na wakanyamaza, bidoni zote zinaondolewa na bomba linaingia ukutani. Nikiuliza na wakajibu, jioni wangelala wapi? Na sikuwa na Muzee Saidi wa kumtazama.

"Siulizi," nikasema. "Kwenye bomba mtu haulizwi bidoni yake ni ipi. Anaijua mwenyewe."

"Basi ziondolewe."

"Anayetaka kuziondoa, aziondoe."

Hakuna aliyesogea. Papa Dieudonné akamtazama mlinzi wake. Mlinzi akatazama mlima. Kugusa bidoni ya mtu mstarini, mbele ya avenyu nzima, hata kwa mshahara hapana. Mwishowe akaenda mwenyewe, viatu vyake vya Jumapili vikilia juu ya lava. Akainamia bidoni ya kwanza, iliyo karibu kabisa na kigoda cha Mama Zuhura, akaishika mpini. Akabaki ameinama vile.

Mpini ulikuwa umefungwa kitambaa ili usikate mkono, kama kina mama wanavyofanya. Kilikuwa kipande cha kikwembe cha buluu chenye maua meupe. Sote tuliokuwa karibu tulikiona, na vichwa vikageuka kwa pamoja kumtazama Mama Beata. Kikulacho ki nguoni mwako. Sijawahi kuona msemo ukitimia kwa pamba halisi namna ile.

"Ni yangu," Mama Beata akasema.

"Beata?"

"Ni yangu. Utaweka robine ndani ya parseli, wewe utaenda kwa kazi yako. Ni miye nitabaki na batu, na matope, na makelele tangu usiku haujaisha. Nguo nitaanika wapi? Ulishaniuliza?"

"Tungeongea kwa nyumba..."

"Kwa nyumba nilishaongea. Ulikuwa unasikiliza redio."

Akatoka kwenye mstari wa mumewe, akavuka uwanja na sare yake ya kanisani, akaiweka bidoni vizuri kwenye chaki, akaikalia. Kisha mzee mmoja akavuka, akasimama kwenye bidoni yake. Wakafuata wawili. Kisha mstari wa Papa Dieudonné ukaanza kumwagika kama gunia lililofunguka chini, na watu wakawa wanatafutana na bidoni zao kwa kelele, samahani hii ni yangu, yako ile yenye ufa. Mama Riziki alikuwa karibu wa mwisho. Alimtazama mwenye nyumba wake, akamtazama mtoto mgongoni, akavuka akikimbia kidogo.

Papa Dieudonné hakuwatazama wapangaji. Alikuwa akimtazama mkewe tu. Nami nikaona kitu kilichonipa pumzi: angemfukuza nani sasa? Angemwambiaje mtu ahame kwa kosa la kusimama mahali alipokaa mama mwenye nyumba? Nikahesabu haraka kabla bahati haijageuka, vichwa, si bidoni, kwa sauti kubwa na kwa chaki. Mama Zuhura alishinda kwa mbali. Bomba lilibaki barabarani.

Papa Dieudonné alikuja kunipa mkono. "Mama," akasema, "nimeangushwa na nyumba yangu mwenyewe." Kisha akacheka, kicheko cha kweli kilichomtoa machozi, na avenyu nzima ikacheka naye kwa sababu ilikuwa imeruhusiwa. Hofu niliyoibeba tangu siku za yule muuza sambaza ilishuka, nikakaa chini juu ya lava na kikwembe changu kizuri, nikasahau kwamba lava inachana nguo.

Hakuna mpangaji aliyehamishwa. Nilifuatilia muda mrefu, kwa visingizio vya kila namna, mpaka Mama Riziki akaanza kunipikia kabla sijafika.

Asubuhi iliyofuata uchaguzi nilirudi Katoyi kumkabidhi Mama Zuhura muhuri wa kamati. Maji yalikuwa hayajafika. Mstari wa bidoni ulikuwa umepinda kushoto kando ya ukuta, kama kawaida, na wenyewe hawakuwepo. Mwenye mwili alikuwa mmoja tu katikati ya mstari: Papa Dieudonné, amevaa suti ya kazini, ameshika bidoni yenye kitambaa cha buluu. Nikamsalimia, nikamwuliza kama kuna tatizo.

"Beata amekataa kuteka leo," akasema. "Nikaleta miye. Nikaiweka, nikataka kurudi kunywa chai."

"Na nini kilikuzuia?"

Mama Zuhura alijibu kwa niaba yake kutoka kibandani, akipima unga, bila kuinua macho.

"Bidoni haiko mutu, Papa. Simama."

Akasimama mpaka maji yakafika.